Geji ya glavu za kazi: jinsi ya kusoma unene wa ufumaji na kuchagua glavu inayoifaa kazi yako

Ukiingia duka la vifaa vya ujenzi, iwe Kariakoo au Kamukunji, utaonyeshwa glavu za kufumwa za kila aina: nyeupe za pamba zenye vidoti, za kijivu zilizopakwa mpira mweusi kiganjani, za njano zenye mpira uliokunjamana. Kwenye lebo za baadhi yake kuna maandishi madogo: 7G, 10G, 13G, 15G. Ukimuuliza muuzaji maana yake, mara nyingi atakwambia namba kubwa ndiyo glavu nzito zaidi. Ni kinyume chake, na kosa hilo linawaumiza watu. Fundi nondo anapewa glavu nene asiyoweza kufungia waya, anaivua baada ya nusu saa, na kuanzia hapo anafanya kazi mikono mitupu.

Namba hiyo ndiyo geji. Fundi bati yeyote anajua kwamba bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28. Kwenye glavu ni vivyo hivyo: namba ikipanda, unene unashuka. Ila kufanana kwenyewe kunaishia hapo, kwa sababu kinachohesabiwa ni kitu kingine kabisa.

Geji inahesabu nini

Glavu ya kufumwa haikatwi kutoka kwenye kitambaa ikashonwa. Mashine inaifuma nzima, vidole kimoja kimoja, kisha kiganja, kisha sehemu ya kifundo yenye uzi wa kuvutika, bila mshono wowote. Kampuni ya Shima Seiki ya Wakayama, Japani, iliyoanzishwa 1962, ilijipatia jina kwa mashine za namna hii, na leo viwanda vingi duniani vinafuma kwa utaratibu huo. Ndani ya mashine kuna sindano ndogo zenye ndoano zilizopangwa safu moja. Geji ni idadi ya sindano hizo katika inchi moja, yaani sentimita 2.54.

Mashine ya geji 7 ina sindano saba kwenye inchi, kwa hiyo kutoka sindano hadi sindano ni takriban milimita 3.6. Nafasi hiyo inahitaji uzi mnene, na glavu hutoka nzito. Kwenye geji 13 nafasi inashuka hadi karibu milimita 2, na kwenye geji 18 inafika 1.4. Uzi mnene haupiti hapo, hivyo kiwanda kinalazimika kutumia uzi mwembamba, na glavu inakuwa laini, inabana mkono na kukuachia hisia vidoleni.

Kwa hiyo geji haipimi unene wenyewe moja kwa moja. Inakwambia vitanzi vya uzi vimekaribiana kiasi gani, na unene unafuata. Glavu mbili za geji 13 zinaweza kupishana unene kidogo kwa sababu moja imetumia uzi mzito au nyuzi mbili kwa pamoja. Ukiwa na mashaka, pima uzito. Glavu za pamba za bei ya chini huuzwa kwa jumla kwa kutaja gramu, kwa jozi au kwa dazeni. Kama geji na saizi ni ileile, dazeni yenye uzito mkubwa ina uzi mwingi zaidi, na kwa kawaida itadumu zaidi.

Hatua ya 1: Tafuta namba, na kama haipo, hesabu mwenyewe

Namba ya geji mara nyingi iko kwenye kadi iliyoshikizwa kwenye glavu, kwenye mfuko, au kwenye karatasi ya maelezo ya bidhaa. Huandikwa 13G au 13GG. Mara chache sana hupigwa chapa kwenye glavu yenyewe, kwa hiyo mfuko ukishachanwa huna pa kusoma.

Hapo chukua rula. Geuza glavu upande wa mgongo wa mkono, ambako kwa kawaida hakuna mpako, uilaze mezani bila kuivuta. Angalia kwa karibu: utaona safu wima za vitanzi, kila kitanzi kimekaa kama herufi V, na V hizo zimepandana moja juu ya nyingine kuelekea vidoleni. Weka rula kukatisha safu hizo na uhesabu ni ngapi zimo ndani ya sentimita 2.5. Mwanga wa simu unasaidia, na kwa glavu nyembamba piga picha kisha uikuze kwenye kioo cha simu uhesabu humo. Jibu halitalingana sawasawa na geji ya mashine, maana ufumaji hujikunja kidogo ukishatoka kwenye sindano na hujikunja tena ukifuliwa. Lakini halitakuchanganyia geji 7 na geji 13, na hiyo ndiyo tofauti inayokuhusu zaidi dukani.

Hatua ya 2: Linganisha geji na kazi ya vidole

Jiulize vidole vyako vinashika nini siku nzima. Mkono unaobeba tofali hauhitaji kilekile anachohitaji mkono unaokaza skrubu.

Geji 7 ndiyo nene na nzito. Ni ile glavu ya pamba au ya pamba iliyochanganywa na poliesta ambayo karibu kila saidia fundi ameivaa. Inafaa kupakia mawe, kubeba mbao zisizopigwa randa, kuvuta kamba, kushika vyombo vyenye joto la wastani. Ina ufumaji mlegevu, na ndiyo udhaifu wake: vumbi la saruji, vibanzi vya mbao na chenga za kioo hupita kati ya vitanzi kama hakuna mpako.

Geji 10 iko hapo karibu, nyepesi kidogo. Utaikuta sana chini ya mpako mzito wa mpira uliokunjamana, ule unaoshika vizuri tofali na vioo. Kwa kazi ya kubeba na kupanga, hii naipendelea kuliko geji 7 tupu, kwa kuwa mpako unaziba matundu na unazuia kiganja kisichakae haraka.

Geji 13 ndiyo ya katikati, na ndiyo ningemshauri mtu aanze nayo kama hajui aanzie wapi. Fundi bomba, fundi alumini, mtu wa gereji, mtu wa ghala: wote wataweza kufanya kazi nayo. Unaweza kushika boliti ya kawaida na bado ukahisi kingo zake.

Geji 15 inakaa mkononi vizuri zaidi, na watengenezaji wengi huichanganya na uzi wa kuvutika ili ifuate vidole. Inafaa kufunga waya wa nondo, kuunganisha vipuri, kupanga mizigo midogo. Geji 18 na 21 ni nyembamba sana, kwa ajili ya kazi za vitu vidogo kama vifaa vya kielektroniki, skrubu ndogo na ukaguzi wa bidhaa. Pia zinafaa kuvaliwa ndani ya glavu nyingine, mathalani chini ya glavu ya ngozi.

Mfuatilie fundi nondo kwa dakika tano utaona kwa nini namba hii ina maana. Anazungusha waya kwenye makutano ya nondo mbili, anakamata ncha zote mbili kwa koleo, anavuta, anasokota, anaachia, anahamia kwenye kifundo kinachofuata. Akiwa na geji 7, ncha ya waya inaingia ndani ya kitanzi cha uzi na kuking'ang'ania, na kidole gumba hakijui waya uko wapi mpaka aangalie. Kwa geji 15 yenye mpako mwembamba, waya unateleza juu na kidole kinauhisi. Huyu hataivua glavu yake.

Hatua ya 3: Tenganisha unene na kinga

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Watu huamini glavu nene inazuia kisu, na nyembamba haizuii. Kwa glavu za zamani za pamba kulikuwa na ukweli ndani yake, maana njia pekee ya kuongeza kinga ilikuwa kuongeza uzi. Siku hizi kinga dhidi ya kukatwa inatokana kwanza na aina ya uzi. Glavu ya geji 18 iliyofumwa kwa uzi maalumu inaweza kuishinda kwa mbali glavu ya pamba ya geji 7 mbele ya wembe.

Pamba na poliesta ya kawaida huzuia mikwaruzo na michubuko, si makali. Nailoni inadumu na inakaa vizuri mkononi, lakini nayo peke yake haizuii kisu.

Ukiona herufi HPPE, hiyo ni poliethilini yenye nguvu kubwa. Ni nyepesi, ina ubaridi fulani ukiigusa, na ina upinzani mzuri dhidi ya makali. Udhaifu wake ni joto: poliethilini huyeyuka kwenye takriban nyuzi joto 150 za Selsiasi au chini kidogo ya hapo, kwa hiyo usiipeleke karibu na moto wala bomba la moshi la injini.

Aramidi, ambayo wengi wanaijua kwa jina la Kevlar, ilitokana na kazi ya mkemia Stephanie Kwolek katika kampuni ya DuPont mwaka 1965. Haiyeyuki, ikipata joto kali mno inaungua na kuwa mkaa. Inafaa pale makali na joto vinapokutana, kama kushika bati lililotoka kukatwa kwa grainda. Adui zake ni jua na klorini. Ukiianika juani kila siku au kuifua kwa dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, inapoteza nguvu hata kama kwa macho inaonekana nzima.

Kisha kuna nyuzi za chuma cha pua, za kioo au za tangsteni zinazowekwa katikati ya uzi, zikazungushiwa HPPE au nailoni. Hizi ndizo zimewezesha glavu nyembamba zenye kinga kubwa. Glavu yenye nyuzi za kioo au chuma ikianza kukuwasha mkono, chunguza ndani: huenda uzi wa nje umechakaa na ule wa katikati umetokeza. Muda wake umekwisha.

Kwa hiyo soma vitu viwili pamoja, geji na uzi. Geji inakwambia utaweza kufanya nini ukiwa umeivaa. Uzi, pamoja na mpako, unakwambia itakukinga na nini. Amua kwanza kinga unayohitaji, kisha ndani ya glavu zinazofikia kinga hiyo chagua iliyo nyembamba kuliko zote ambayo bado itadumu kwa kazi yako.

Hatua ya 4: Soma ngao ya EN 388

Glavu nyingi zinazoingia Afrika Mashariki zina alama ya ngao yenye picha ya nyundo, na chini yake mfululizo wa tarakimu na herufi, kwa mfano 4X43C. Huo ni utaratibu wa Ulaya wa EN 388, toleo la 2016, na unasomwa kutoka kushoto.

Tarakimu ya kwanza, 1 hadi 4, ni kuhimili kusuguliwa. Ya pili, 1 hadi 5, ni kukatwa kwa jaribio la zamani la kisu cha duara kinachozunguka. Ya tatu, 1 hadi 4, ni kuchanika. Ya nne, 1 hadi 4, ni kutobolewa. Herufi ya mwisho, A hadi F, ni kukatwa kwa jaribio jipya la wembe ulionyooka. Ikifuatiwa na P, glavu imefaulu jaribio la kupigwa na kitu kizito. X maana yake sehemu hiyo haikupimwa, si kwamba imefeli.

Kwa makali, iangalie herufi kuliko tarakimu ya pili. Kile kisu cha duara kikikutana na uzi wenye kioo au chuma hupoteza makali, na glavu ikaonekana bora kuliko ilivyo. Jaribio la herufi hutumia wembe mpya kwa kila mkato na kupima nguvu inayohitajika kuikata glavu wembe ukisafiri milimita 20. A ni niutoni 2, B ni 5, C ni 10, D ni 15, E ni 22, F ni 30. Niutoni 10 ni kama uzito wa kilo moja ukiegemea kwenye wembe. Kwa kazi ya kawaida ya kubeba na kupanga, A au B inatosha. Bati na alumini iliyokatwa, anzia C. Vioo vikubwa na mabati yenye kingo mbichi, nenda D na kuendelea.

Glavu za kutoka Marekani hutumia ngazi za ANSI, A1 hadi A9, zinazopimwa kwa gramu: A1 huanzia gramu 200, A4 gramu 1,500, A9 gramu 6,000. Usichanganye A ya Ulaya na A za Marekani. A5 ya Marekani, inayoanzia gramu 2,200, inakaribiana na E ya Ulaya.

Jambo moja la kukumbuka: jaribio la kutobolewa la EN 388 hutumia ncha nene kiasi, si sindano. Hata glavu yenye 4 hapo haikuhakikishii dhidi ya mwiba wa waridi, ncha ya jani la mkonge au sindano ya hospitali. Ufumaji wa geji yoyote una matundu, na kitu chembamba kitaupenya. Kwenye miiba, glavu ya ngozi ndiyo jibu.

Hatua ya 5: Angalia mpako

Mpako na geji huchaguana. Mpako mwembamba wa poliyurethani, unaoandikwa PU, huwekwa kwenye geji 13 kwenda juu, maana ungemwagwa kwenye geji 7 ungepenya hadi ndani na kugandia ngozi. Unashika vizuri vitu vikavu na haupunguzi hisia. Nitrili inavumilia mafuta na grisi, kwa hiyo ndiyo ya gereji. Ile ya povu huruhusu hewa na hushika vitu vyenye mafuta kidogo. Mpira asilia hushika vizuri kuliko zote kwenye tofali, kioo na vitu vyenye maji, lakini mafuta ya injini yanauharibu, na wapo watu ambao ngozi yao inaukataa. Vidoti vya plastiki kwenye glavu za pamba vinasaidia kushika tu, si kinga.

Angalia pia mpako umefika wapi. Ukiishia kiganjani, mgongo wa mkono unapumua lakini maji yanaingia. Kwa joto la Dar au Mombasa, kiganja tu kinatosha kwa kazi kavu.

Hatua ya 6: Pima mkono, kisha jaribu

Glavu nyembamba isiyo saizi yako ni mbaya kuliko nene iliyokaa sawa. Zungusha futi ya fundi cherehani kwenye kiganja, juu kidogo ya kidole gumba, bila kukihesabu. Milimita 178 ni saizi 7, 203 ni saizi 8, 229 ni saizi 9, 254 ni saizi 10. Rangi ya pindo la kifundo mara nyingi inaonyesha saizi, ila kila kiwanda kina rangi zake, kwa hiyo usiitegemee.

Ukishaivaa, kunja ngumi. Ncha za vidole zisibaki na uzi unaoning'inia, wala katikati ya vidole pasivute. Okota sarafu mezani, kisha skrubu, kisha msumari mdogo. Shika kifaa unachokitumia kila siku, si kingine. Kama unaweza kufanya kazi hiyo dakika kumi bila kutamani kuivua, geji imekufaa.

Hatua ya 7: Jua mahali isipofaa kabisa

Usivae glavu ya kufumwa kwenye drili ya mezani, mashine ya kukereza au shafti yoyote inayozunguka. Uzi mmoja ukinaswa, mkono wote unafuata, na uzi wenye nguvu kubwa ni hatari zaidi kwa sababu haukatiki. Hakuna herufi ya EN 388 inayohusu msumeno wa umeme.

Usishike zege bichi kwa glavu ya pamba. Saruji yenye maji huunguza ngozi polepole, na glavu iliyolowa inaishikilia hapo hapo kwa saa nzima. Tumia glavu ya mpira isiyopitisha maji, yenye mkono mrefu.

Usiiamini kwenye umeme, hasa yenye nyuzi za chuma. Kazi ya umeme ina glavu zake za mpira zilizopimwa kwa volti. Kuchomelea nako kunataka glavu ya ngozi, maana cheche huyeyusha nailoni na poliesta zikagandia mwilini. Na unaposhika sufuria au trei ya moto kwa pamba ya geji 7, hakikisha ni kavu, kwa kuwa maji hupitisha joto haraka kuliko pamba kavu.

Hatua ya 8: Agiza kwa maandishi, na zitunze

Kwa sheria za usalama na afya mahali pa kazi, ya 2003 kwa Tanzania na ya 2007 kwa Kenya, kuwapa wafanyakazi vifaa vya kujikinga ni wajibu wa mwajiri. Basi mnunuzi asiandike tu "glavu dazeni 20", kwa sababu ataletewa zilizobaki stoo. Gawa watu kwa kazi zao kwanza: wabebaji, mafundi nondo, mafundi alumini. Nunua jozi chache za kila aina, wape wazivae wiki nzima, na uwasikilize wao kabla ya kuagiza nyingi.

Fua kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kawaida, bila klorini, anika kivulini. Glavu yenye tundu, uzi uliokatika au mpako uliobanduka kiganjani haifumwi upya kwa mkono. Itoe kazini, hata kama mwenzake ni mzima.

Oda ya mafundi alumini inaweza kuandikwa hivi: glavu za kufumwa, geji 13 au 15, uzi wa HPPE wenye nyuzi za chuma au kioo, mpako wa PU au nitrili ya povu kiganjani, EN 388 ya 2016 yenye herufi D au zaidi, saizi 8 jozi 12, saizi 9 jozi 24, saizi 10 jozi 12, kila jozi na karatasi yake ya maelezo. Mzigo ukifika, fungua mfuko mmoja mbele ya aliyeuleta, soma ngao, weka rula mgongoni mwa glavu na uhesabu safu kabla ya kusaini.